Arosto Haijui Dhamana

Mhadhara kwa wazazi, vijana na wazee wa mtaa, Watamu

Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, karibuni ndani. Maneno ya leo ni yenu kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya unga, yaani heroini, na jela. Nitaanza na chupa ya uji.

Mama mmoja wa hapa Timboni alinigongea mlango siku ya Jumamosi, kabla ya adhana ya alfajiri. Mwanawe alikuwa amekamatwa Ijumaa jioni akiwa na kete mbili za unga mfukoni. Mimi ni mwuguzi, nimestaafu sasa, na mlango wangu umezoea kugongwa saa hizo. Mama alishika chupa ya chai iliyojaa uji wa mtama, na leso ya pili ameikunja kwapani ili mtoto apate cha kujifunika. Tukaenda hadi kituo cha polisi, ambacho sitakitaja, kwa kuwa hayahaya nimeyaona katika vituo vingi. Pale kaunta, afande alimimina uji kidogo kwenye kifuniko akamwambia mama aunywe yeye kwanza. Ndiyo kanuni yao. Mama akaunywa. Kutoka nyuma, kwenye seli, tukasikia mtu akitapika.

"Huyo ni mwanangu, afande."

"Ni arosto hiyo, mama. Arosto haijaua mtu. Mwache imkamue, akitoka hapa hatarudia."

Nikaruhusiwa kumwona kupitia nondo. Kijana wa miaka ishirini na mitano alikuwa amejikunja sakafuni kando ya ndoo, miguu inapigapiga yenyewe kama ya mtu anayekimbia ndotoni. Machozi na makamasi yalimtiririka bila kulia. Alipiga miayo, tena, tena, taya karibu ziteguke. Ngozi yake ilikuwa imesimama vinyweleo, kama ya kuku aliyenyonyolewa. Wenzake walikuwa wamesogea upande wa pili kwa sababu ya harufu, maana alikuwa ameharisha na hakuwa na nguo ya kubadilisha. Uji ulipomfikia alikunywa funda mbili, ukarudi. Nilimchanganyia maji, sukari na chumvi, nikamwomba mahabusu mmoja, mtu mzima, awe anamnywesha kijiko kimoja kimoja. Yule mzee wa watu alifanya hivyo usiku kucha. Sikuwahi kulijua jina lake.

Kwa wazee ambao hawalijui neno hili, arosto ni yale maumivu yanayomshika mraibu unga unapomwishia mwilini. Kwa heroini huanza baada ya saa sita hadi kumi na mbili tangu mara ya mwisho alipotumia. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele chake. Baada ya juma moja hivi mwili huanza kutulia, lakini usingizi huchelewa kurudi, na hamu ya unga huchelewa zaidi kuondoka. Sasa chukueni kalenda hiyo muiweke kando ya kalenda ya sheria. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Na kama saa hizo zinaangukia siku ambayo korti imefungwa, afikishwe siku ya kwanza inapofunguliwa. Ni kinga nzuri, watu waliipigania. Lakini aliyekamatwa Ijumaa jioni husimama mbele ya hakimu Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku ya tatu. Siku ambayo mwili wake umechanika vipande ndiyo siku anayosomewa mashtaka na kuulizwa: ni kweli au si kweli?

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi siku ile. Kijana wetu hakusubiri karani amalize kusoma. "Ni kweli," akasema. Nilipomwuliza baadaye kwa nini alikubali upesi hivyo bila wakili, alinijibu kwamba alitaka akae chini tu. Mtu aliye katika hali ile atakubali chochote ili aruhusiwe kukaa chini. Atataja jina la rafiki, atatia kidole kwenye karatasi asiyoisoma. Nawaomba mawakili na wanaharakati wa haki walio hapa walichukue jambo hili kwa uzito wake: maungamo ya mtu mwenye arosto yana tofauti gani na maungamo ya mtu aliyepigwa?

Alipewa faini ambayo mama yake hakuwa nayo, au miezi kumi na minane. Akaenda miezi kumi na minane. Nitarudi kwake.

Kabla ya hapo nataka tukumbushane unga ulifikaje hapa kwetu, maana vijana hudhani ulikuwapo tangu enzi za magofu ya Gede. Haukuwapo. Uliingia Pwani pamoja na hoteli na wageni, miaka ya 1980 ukashika. Wakati huo ulikuwa wa kahawia, wenyewe wakiuita "brown sugar", na ulivutwa: ama juu ya karatasi ya fedha, ama ndani ya msokoto wa bangi. Mtafiti Mwingereza Susan Beckerleg aliwachunguza vijana wa Watamu hiihii, na mwaka 1995 akachapisha makala katika jarida la African Affairs kuhusu namna walivyokuwa njia panda kati ya unga na swala ya Ijumaa. Mwaka huohuo Omari Project ilianzishwa Malindi, moja ya jitihada za kwanza nchini za kuwatibu watumiaji wa heroini, baada ya familia kuchoka kuwafungia watoto wao vyumbani kwa minyororo na visomo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ule wa kahawia ukaadimika, ukaja mweupe. Mweupe huyeyuka kwenye maji kwa urahisi. Hilo peke yake likabadilisha maisha ya watu: sindano ikaingia Watamu, na nyuma ya sindano ikaja Ukimwi na ugonjwa wa ini.

Na mizigo yenyewe? Desemba 2004 kokeini ya zaidi ya tani moja ilinaswa Malindi na Nairobi. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi mbele ya bahari yetu likiwa na heroini kilo 1,032, ikamwagwa baharini. Mlanguzi wa dawa za kulevya Baktash Akasha wa Mombasa alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, lakini na mahakama ya New York, Marekani, baada ya miaka ya kesi kukwama huku nyumbani. Ninayataja haya kwa sababu moja tu. Ukienda gereza lolote la Pwani ukawatazama waliofungwa kwa ajili ya unga, utakutana na watu wa kete. Mwenye jahazi humkuti.

Na waraibu wengi wala hawakufungwa kwa kosa la unga. Wamefungwa kwa kuku, kwa simu ya mtalii, kwa mtungi wa gesi wa shangazi, kwa nyaya za umeme, kwa nazi za watu. Arosto ikikaribia, mkono wa mraibu hauulizi cha nani. Wengine huokotwa maskani wakati wa msako na kuandikiwa kuzurura. Ukaguzi wa mfumo mzima wa haki ya jinai Kenya, uliotolewa mwanzoni mwa 2017, ulikuta kwamba maskini ndio wanaokamatwa, kushtakiwa na kufungwa zaidi kuliko wenye nacho. Hapa Watamu hatukuhitaji ukaguzi kulijua hilo, ila ni vizuri likaandikwa.

Sheria yetu ya dawa za kulevya ni ya 1994. Ilipotungwa, aliyepatikana na heroini ya kutumia mwenyewe aliwekewa adhabu inayofika miaka 20. Ikarekebishwa 2022. Lakini ndani ya sheria hiyohiyo, tangu mwanzo, mna sehemu inayozungumzia vituo vya kurekebisha waraibu, na inampa hakimu uwezo wa kuamuru muda wa kifungo cha mraibu, au sehemu yake, utumikiwe kituoni badala ya gerezani. Kwa hiyo waliotunga sheria walijua kwamba hawa ni wagonjwa. Wakaandika. Kisha vituo vyenyewe havikujengwa kwa kiasi cha kufaa, na mlango ambao sheria ilifungua ukabaki unatazamana na ukuta.

Hapa najua kuna mzee atakayeniuliza: wewe unasema ugonjwa, sisi tunasema dhambi, tushike lipi? Mimi ni Mwislamu na ni mwuguzi, na sijaona mahali mambo haya yanapogombana. Dhambi ina toba yake na ugonjwa una dawa yake, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Mwenye kisukari aliyekula halua kwa kusudi, akaanguka, hatumwachi sakafuni mpaka atubu.

Sasa tuingie ndani ya gereza lenyewe.

Watu hufikiri ukuta unazuia unga. Idara ya Magereza yenyewe, kila inapofanya msako, hutoka na bangi, simu na vitu vingine ambavyo havikuruka ukuta kwa mbawa. Ndani kuna sigara ambayo ni kama pesa, kuna bangi, kuna bugizi, vile vidonge vya usingizi, na mara mojamoja kuna unga. Lakini unga wa ndani ni wa kubahatisha: unapatikana leo, unapotea majuma matatu, bei yake ni mara kadhaa ya bei ya nje. Aliyeingia bila arosto kuisha hukopa. Asiyekuwa na cha kulipa hulipa kwa kufua nguo za watu, kwa chakula chake, kwa blanketi lake, na wengine kwa miili yao. Hili la mwisho nimelisikia kwa wanaume waliolisema wakitazama chini, na sitalieleza zaidi ya hapo mbele ya watoto. Ila wazazi walijue.

Na sindano. Nje, tangu 2012 na 2013 hivi, mashirika yamekuwa yakigawa sindano safi Pwani, na nakumbuka tulivyopigwa vita misikitini na makanisani kwa hilo. Ndani haigawiwi hata moja. Kwa hiyo ikipatikana moja, inazunguka. Mwaka 1993 katika gereza la Glenochil, Scotland, wafungwa kwa makumi walikuwa wakichangia vyombo vichache vya kujidungia. Madaktari walipopima damu walikuta kumi na wanne wana virusi vya Ukimwi, na kwa wanane waliweza kuthibitisha kwamba waliambukizwa mlemle gerezani, katika miezi michache ya mwaka ule. Hiyo ni nchi yenye maabara na daktari kila kona. Sisi hapa, mtu akitoka gerezani na virusi, tunasema aliingia navyo.

Kuhusu wanawake nitasema kidogo, kwa kuwa wenyewe wameniambia wanachoka kusemewa. Wapo, wanatumia, wanafungwa. Mtoto mchanga huruhusiwa kukaa na mama yake gerezani hadi anapofika miaka minne. Mjamzito anayetumia heroini hafai kukatishwa ghafla, kwa sababu arosto ya mama hufika hadi kwa aliye tumboni na mimba inaweza kutoka. Tiba inayoshauriwa duniani ni kumpa methadoni chini ya uangalizi. Askari wa kike anayempokea msichana wa aina hiyo langoni usiku anapaswa kulijua jambo hili moja, hata kama hajui lingine lolote.

Nirudi kwa kijana wetu.

Alitumikia mwaka mmoja. Theluthi ilipunguzwa kwa tabia njema, kama sheria ya magereza inavyoruhusu. Katika mwaka ule mama yake alikwenda kumwona kila alipopata nauli. Alipika chapati nyumbani, langoni zikapasuliwa moja moja kuangaliwa kama zimefichwa kitu, akampelekea mwanawe vipande. Kila aliporudi alipita kwangu kunipa habari, na habari ilikuwa moja: amenenepa. Mashavu yamerudi. Anaswali. Anafundisha wenzake kusoma Kurani. "Jela imenirudishia mtoto," aliniambia. Sikuwa na moyo wa kumkatia furaha ile. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii, na nimelibeba tangu siku hiyo.

Kwa sababu mimi nilijua. Nilijua kwamba jela huondoa unga mwilini, haiondoi uraibu. Na kuna kitu kingine inachokiondoa, ambacho mama yule hakujua na hakuna aliyemwambia: huondoa uwezo wa mwili kuubeba unga.

Mmewaona mahamali bandarini. Hamali aliyezoea, umtwishe gunia mbili, anatembea nazo akiimba. Mtoe kazini, mkalishe kivulini mwaka mzima, ale, anenepe, apendeze. Siku ya kwanza anaporudi mtwishe zilezile gunia mbili, na kila mtu aliyemjua atasema si ndizo zake? Shingo itavunjika. Mwili wa mraibu ni vivyo hivyo. Kila siku anayotumia, mwili hujifunza kustahimili zaidi. Akiacha, hata majuma machache tu, ustahimilivu ule huyeyuka. Lakini kichwa hakisahau kipimo. Kichwa kinakumbuka kete mbili.

Alitoka Alhamisi. Alirudishiwa nguo alizokamatwa nazo, zikiwa zimembana sasa, akapanda matatu hadi Gede, na kutoka Gede akaja kwa tuktuk. Ijumaa aliswali msikitini na watu wakamkumbatia. Jumamosi akakutana na wenzake wa zamani. Walioshuhudia walisema hakutumia nyingi. Alitumia kete moja, nusu ya alichozoea, akiamini anajihadhari. Alipatikana Jumapili asubuhi nyuma ya hoteli moja iliyofungwa, amelala upande kama mtu aliyechoka. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Mama yake aliniuliza swali moja tu: "Si alikuwa ameshapona?"

Ndugu zangu, huu si mkosi wa Timboni. Katika jimbo la Washington, Marekani, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka gerezani kati ya 1999 na 2003. Mwaka 2007 walichapisha walichokiona: katika majuma mawili ya kwanza baada ya kutoka, uwezekano wa mtu kufa kwa kuzidisha dawa ulikuwa mara 129 ya ule wa wakazi wengine wa jimbo hilo. Mara mia moja ishirini na tisa. Halafu baada ya majuma hayo hushuka. Maana yake tunaijua siku ya hatari. Mambo mangapi katika maisha haya tunayajua siku yake? Kifo cha baharini hatujui siku yake. Hiki tunakijua, kimeandikwa kwenye karatasi ya kuachiliwa, na mhuri umepigwa juu yake.

Na ile kauli ya afande, kwamba arosto haijaua mtu, nayo si kweli. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walikusanya habari za watu waliokufa kwa arosto katika magereza ya nchi zenye mali kuliko yetu. Hawakuuawa na unga. Waliuawa na kutapika na kuharisha bila kunyweshwa maji. Yule mahabusu mzee na kijiko chake alifanya kazi ya daktari.

Mwisho wa mwaka 2010 na mwanzo wa 2011, kama mnavyokumbuka, unga uliadimika Pwani nzima kwa majuma kadhaa. Mateja walijaa hospitalini na mitaani wakitetemeka, na wengine wakanywa na kujidunga chochote walichopata. Serikali na Msalaba Mwekundu wakaja mbio, mahema yakapigwa, redio zikatangaza. Kwa mara ya kwanza nchi iliona arosto na kuiita dharura. Lakini arosto ileile hutokea kila Jumamosi katika seli zetu, kwa mmoja mmoja, na hakuna redio.

Kutoka katika msukosuko ule na kazi ya wengi, dawa ikaja. Tanzania walitutangulia: Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kutoa methadoni Februari 2011. Kenya ilianza Mathari Desemba 2014, na mwanzoni mwa 2015 kliniki ikafunguliwa hapa Malindi, hospitalini. Methadoni hunywewa kwa kikombe kidogo, kila siku, mbele ya mhudumu. Hukata arosto kwa zaidi ya siku nzima na haimpi mtu ile stimu ya kumwangusha kichwa. Anayeinywa anaweza kwenda kuvua, kushona, kuendesha bodaboda. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, pamoja na dawa za malaria na kifua kikuu.

Nimesikia mkisema ni unga wa serikali. Nimeisikia hata nyumbani kwangu. Ni kweli ni dawa ya jamii moja na heroini, na anayeinywa mwili wake unaizoea, na kuiacha kunahitaji muda na daktari. Sifichi. Lakini waangalieni wanaoinywa. Wangapi mmewaona wakikamatwa na kuku?

Tatizo la methadoni ni kwamba inahitaji kila siku, na pingu haiheshimu kila siku. Anayekunywa Malindi, akakamatwa Watamu usiku, kesho yake dozi imempita. Arosto ya methadoni huchelewa kuanza kuliko ya unga, lakini ikianza hukaa muda mrefu zaidi. Akikosa siku kadhaa mfululizo, kliniki haiwezi kumpa kipimo chake cha zamani, kwa sababu ileile ya hamali. Lazima aanzishwe chini. Ndiyo maana kwenye gereza la Shimo la Tewa, upande wa pili wa daraja la Mtwapa, pana kliniki ya methadoni ndani ya uzio wa magereza. Mauritius wanaitoa gerezani tangu 2011. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba haiwezekani, au kwamba usalama hauruhusu. Umoja wa Mataifa, katika kanuni zinazoitwa za Nelson Mandela, zilizopitishwa 2015, ulisema wazi katika kanuni ya 24 kwamba huduma za afya gerezani ziungane na za nje ili tiba isikatike, na ukaitaja kwa jina tiba ya uraibu. Mandela aliyefungwa miaka 27 ndiye aliyepewa heshima ya kanuni hizo, na nchi yetu ni miongoni mwa nchi zinazopaswa kuzifuata.

Ninachokiomba kwenu wa Watamu ni kidogo kuliko kanuni za dunia, na kinaweza kuanza Ijumaa hii. Mwanao akiwa anakunywa methadoni, kadi yake ya kliniki iwe na nakala nyumbani, na akikamatwa uende nayo kituoni usiku huohuo, uiweke juu ya kaunta. Ukiwa na uji, uwe pia na maji ya chumvi na sukari. Jumatatu kortini, simama umwombe hakimu aandike kwamba mshtakiwa ni mgonjwa wa uraibu na aagize aonwe na daktari kabla ya kujibu mashtaka. Mahakimu wengi husikia, ila lazima waambiwe na mtu. Maafisa wa probesheni huulizwa na korti kuhusu familia; wakija kwenu msiwafiche kwa aibu, maana ripoti yao inaweza kuwa tofauti kati ya gereza na kifungo cha nje.

Halafu siku ya kutoka. Hapo ndipo nataka mtaa mzima. Scotland, tangu 2011, wana mpango wa taifa zima ambamo mfungwa anayeondoka hupewa naloksoni ya kwenda nayo, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga. Sisi hatujafika hapo, ingawa dawa yenyewe ipo na wahudumu wanaijua. Mpaka tufike, kuna jambo lisilohitaji bajeti: mtu awepo langoni. Tarehe inajulikana. Asiachwe apande matatu peke yake na shilingi mia mbili mfukoni. Na aambiwe, kwa maneno ya wazi bila kufumba, kwamba kipimo chake cha zamani sasa kitamwua. Wengine wataniambia kwamba kumwambia hivyo ni kumfundisha kutumia. Mimi nimezika kijana aliyekuwa hajaambiwa.

Baada ya msiba ule, kaka wa marehemu mama yangu, mvuvi, alinijia. Mwana wa dada yake mwingine alikuwa amebakiza majuma mawili kutoka gerezani. Akaniuliza nimfanyeje. Nikamweleza haya niliyowaeleza leo. Siku ilipofika aliacha bahari, akalala Malindi kwa jamaa, na alfajiri akawa langoni na shati jipya na chupa ya chai. Hawakuja Watamu. Walikwenda moja kwa moja hospitalini, wakaketi kwenye benchi mpaka wakaitwa. Kijana akaanzishwa kipimo kidogo.

Huo ni mwaka wa nne sasa. Miezi ya kwanza mjomba alikuwa akimsindikiza kila siku, na nauli alitoa yeye kwenye samaki. Siku hizi kijana huenda peke yake. Ukipita steji ya Gede asubuhi mapema utamwona, amesimama upande wa magari ya Malindi, amekunja mikono ya shati, anasubiri.